Hati Inapotenda Kazi: Kudhibiti Msimbo Unaotekelezwa Wakati wa Kuhamisha Hati

Watumiaji wengi wa kompyuta wamezoea kuamini kwamba faili la matini tupu halina madhara. Imani hiyo ina msingi. Faili la aina hiyo lina herufi, tarakimu na alama za uandishi tu. Halina rangi, picha, wala vitu vilivyofichwa nyuma ya pazia. Ukilifungua kwa kihariri chochote cha kawaida, utaona kila kilichomo. Kwa sababu hiyo waandishi wa tasnifu, wahasibu wa vikundi vya akiba, walimu na watafiti wengi hupendelea kuandika kwa njia hii, kisha kuihamisha kazi yao iwe hati ya PDF au ukurasa wa intaneti inapokamilika.

Hata hivyo, ifahamike kwamba hatari haikai ndani ya herufi peke yake. Hatari hukaa katika programu inayozisoma herufi hizo na kuamua kuzitii. Zipo programu za kuandikia ambazo, zinapohamisha hati, huyachukua baadhi ya maneno yaliyomo kuwa ni amri, na kuitaka kompyuta izitekeleze. Mtumiaji hubonyeza vitufe akidhani anapata nakala ya kuchapa, kumbe pia ameruhusu kazi nyingine ifanyike.

Tumeandaa maelezo haya ili kumwezesha mtumiaji wa kawaida kujua jambo hilo hutokeaje, linaweza kumgharimu nini, na ni hatua zipi zitakazomhakikishia kwamba uamuzi wa kutekeleza msimbo unabaki mikononi mwake. Mfano wetu mkuu ni Org, sehemu ya kihariri cha Emacs, kwa sababu ni programu huria inayopatikana bila malipo na mipangilio yake ya usalama imeelezwa wazi na watengenezaji wake. Hata hivyo, kanuni tutakazozieleza zinafaa pia kwa watumiaji wa programu nyingine.

MANENO TUTAKAYOYATUMIA

Kihariri ni programu ya kuandikia na kurekebisha matini. Msimbo ni maandishi yaliyopangwa kwa lugha ya kompyuta ili kuielekeza ifanye kazi fulani. Kutekeleza msimbo ni kuitaka kompyuta ifanye yale ambayo msimbo unaelekeza. Kipande cha msimbo ni sehemu ya hati iliyotengwa kwa alama maalumu, ambayo ndani yake mna msimbo. Kuhamisha hati ni kuitoa katika umbo la matini tupu na kuipa umbo lingine, kwa mfano PDF, ukurasa wa intaneti au hati ya programu ya ofisini.

KWA NINI HATI IBEBE MSIMBO

Msimbo ndani ya hati haukubuniwa kwa nia mbaya. Mwaka 1984, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Donald Knuth, alichapisha hoja kwamba programu ya kompyuta na maelezo yake kwa binadamu viandikwe pamoja katika maandishi mamoja. Wazo hilo lilizaa mbinu nyingi. Org ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanaastronomia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Amsterdam, ikiwa ni chombo cha kupanga madokezo na shughuli. Baadaye iliongezewa sehemu iitwayo Babel, ambayo huwezesha vipande vya msimbo kukaa ndani ya hati, kutekelezwa, na kuandika majibu yake humo humo.

Faida yake ni kubwa. Tuchukulie mhasibu wa chama cha akiba na mikopo anayeandika taarifa ya kila mwezi. Badala ya kujumlisha kwa kikokotoo na kunakili jibu, huandika kipande kifupi kinachosoma daftari la mikopo, kujumlisha na kuweka jibu mahali pake. Msomaji wa hati huona jumla pamoja na njia iliyotumika kuipata. Kwa hiyo hatumshauri mtumiaji aikimbie teknolojia hii. Tunamshauri aijue, ili imtumikie.

HASARA YA KWANZA: HATI ISIYO NA NIA NJEMA

Msimbo unapotekelezwa kwenye kompyuta yako, hutenda kwa mamlaka uliyo nayo wewe. Faili unaloweza kulifuta, nao unaweza kulifuta. Nyaraka unazoweza kuzisoma, nao unaweza kuzisoma na kuzituma kwingine ikiwa intaneti ipo. Hautahitaji kuvunja nenosiri lako, kwa kuwa umeshaingia mwenyewe.

Fikiria mwanafunzi anayetafuta kielelezo cha tasnifu, akapewa faili na mtu asiyemfahamu vizuri. Analifungua, anaona vichwa vya sura vimepangwa vyema, anabadilisha jina la mwandishi na kuihamisha hati ili aone sura yake. Ikiwa katikati ya kurasa kuna kipande cha msimbo ambacho hakukisoma, na programu yake imeondolewa kinga, kipande hicho kitatekelezwa wakati huo huo. PDF itatoka vizuri, na hakuna dalili itakayomwonyesha kilichopita.

Jambo hili si geni katika historia ya kompyuta. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilienea kupitia hati za programu ya Word kwa kutumia makro, yaani amri ndogo zilizobebwa na hati. Mwezi Machi 1999 kirusi kingine, Melissa, kilitumia njia hiyo hiyo kujituma kwa barua pepe kwa watu waliomo katika orodha ya anwani ya mwathirika. Hatimaye, mwaka 2022, kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba programu zake za ofisini zitazuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti bila kusubiri mtumiaji aamue. Somo lililopatikana kwa miaka hiyo yote ni moja: hati inayoweza kutenda ni lazima idhibitiwe kama tunavyodhibiti programu.

HASARA YA PILI: HATI NJEMA INAYOBADILIKA

Hasara ya pili haina mhalifu, na kwa sababu hiyo watu wengi huisahau. Tumrudie mhasibu wetu. Mwezi Machi alihamisha taarifa yake, na jumla ya mikopo ilikuwa shilingi 4,200,000. Wajumbe wakaisoma na kuipitisha. Mwezi Aprili mkaguzi anaomba nakala ya taarifa ile ile. Mhasibu anafungua faili na kuihamisha tena, bila kubadilisha hata nukta. Lakini daftari la mikopo limeshaongezwa maingizo mapya, na kipande cha msimbo kinalisoma upya. Nakala ya mkaguzi inatoka ikiwa na jumla ya shilingi 4,650,000.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Org huhamisha hati kwa kutumia nakala ya muda ya maandishi, wala haigusi faili lenyewe. Hivyo, mhasibu akifungua faili lake ataona bado limeandikwa 4,200,000, huku PDF aliyomkabidhi mkaguzi ikisema vingine. Mtu aliyetenda kazi yake kwa uaminifu anaweza kujikuta akieleza tofauti asiyojua chanzo chake.

KINGA ILIYOKUJA NA PROGRAMU

Watengenezaji wa Org hawakuwaacha watumiaji bila kinga. Programu inapowekwa upya, hali yake ni hii:

Kwanza, lugha moja tu ya msimbo ndiyo iliyoruhusiwa, nayo ni Lisp ya Emacs. Lugha nyingine kama Python au ile ya amri za mfumo hazitekelezwi mpaka mtumiaji mwenyewe aziwashe. Hata hivyo, Lisp ya Emacs peke yake inatosha kufuta mafaili, kwa hiyo kinga hii isichukuliwe kuwa imekamilika.

Pili, kabla ya kutekeleza kipande chochote, programu huuliza. Swali hutokea kwenye mstari wa chini wa dirisha kwa Kiingereza, likitaja lugha ya kipande na kumtaka mtumiaji aandike neno yes kukubali au no kukataa. Mpangilio unaolinda swali hilo huitwa org-confirm-babel-evaluate, na thamani yake ya mwanzo ni t, yaani umewashwa.

Udhaifu wa kinga hii uko kwa binadamu. Hati yenye vipande 20 vinavyohitaji kutekelezwa itauliza mara 20. Mtumiaji huchoka, akatafuta ushauri wa namna ya kuliondoa swali, akaandika mstari mmoja unaolizima kwa hati zote, za kwake na za wageni. Kuanzia siku hiyo nyumba haina mlinzi, na mwenye nyumba amesahau kwamba alimfukuza. Tunawashauri watumiaji wasilizime swali hili. Ikiwa mtu mwingine aliiandaa kompyuta yako, fungua faili la mipangilio, ambalo kwa kawaida huitwa .emacs au init.el, utafute maneno org-confirm-babel-evaluate. Ukikuta yamefuatwa na nil, kinga imezimwa. Badilisha mstari huo usomeke hivi:

(setq org-confirm-babel-evaluate t)

SWICHI MBILI ZISIZOFANANA

Zipo njia mbili kuu za kuzuia msimbo usitekelezwe wakati wa kuhamisha hati. Watu wengi huzichanganya wakidhani zote zina kazi moja. Moja imekusudiwa kutunza muda na majibu yaliyokwisha kupatikana. Nyingine imekusudiwa kulinda usalama.

Swichi ya kwanza huwekwa ndani ya hati. Mwanzoni mwa faili huandikwa:

#+PROPERTY: header-args :eval never-export

Baada ya kuandika mstari huo, hifadhi faili, ulifunge na ulifungue upya ili programu iutambue. Maana yake ni kwamba vipande vya msimbo visitekelezwe wakati wa kuhamisha, lakini mwandishi bado anaweza kuvitekeleza kimoja kimoja kwa hiari yake wakati wa kuandika. Majibu yaliyomo tayari ndani ya faili huhamishwa kama yalivyo. Hii ndiyo dawa ya mhasibu wetu. Akishapata jumla ya mwezi Machi na kuiandika mstari huo, hati itatoka na shilingi 4,200,000 hata ikihamishwa mwaka ujao. Wanaotaka programu iulize badala ya kukataa moja kwa moja wanaweza kutumia query-export mahali pa never-export.

Lakini swichi hii haifai kuwa kinga dhidi ya hati ya mgeni. Katika Org, agizo lililoandikwa kwenye kipande chenyewe hulishinda agizo la jumla. Aliyeandika hati anaweza kuweka juu ya kipande chake agizo linaloruhusu utekelezaji, na agizo lako la jumla likapuuzwa. Kwa maneno mengine, swichi hii hutegemea uaminifu wa mwandishi wa hati, na mwandishi huyo ndiye usiyemjua.

Swichi ya pili huwekwa kwenye mipangilio ya kompyuta yako, nje ya hati:

(setq org-export-use-babel nil)

Kwa mpangilio huu, sehemu ya Babel haifanyi kazi kabisa wakati wa kuhamisha, na maagizo yaliyo kwenye vipande hayasikilizwi. Hakuna neno ambalo mwandishi wa kipande anaweza kuliongeza juu ya kipande chake ili kukifufua. Mwongozo wa Org wenyewe unaelekeza hivyo: anayetaka kuharakisha kazi atumie ya kwanza, na anayetaka usalama atumie ya pili.

Swichi ya pili nayo ina gharama yake. Kwa kuwa maagizo yote hupuuzwa, hata yale yanayosema kipande fulani kisionekane kwenye hati ya mwisho hupuuzwa pia. Msimbo uliokuwa umefichwa utachapwa. Ikiwa ulihifadhi nenosiri la hazinadata au namba ya siri ndani ya kipande kilichofichwa kwa agizo :exports none, siri hiyo itatokea kwenye PDF utakayoisambaza. Kwa hiyo tunatoa maelekezo mawili. La kwanza, usiandike kamwe nenosiri ndani ya hati, hata kama kipande kimefichwa. La pili, ukihamisha hati ukiwa umewasha swichi hii, isome PDF yote kabla ya kumtumia mtu.

MILANGO MINGINE INAYOSAHAULIKA

Kufunga mlango wa mbele hakusaidii ikiwa madirisha yako wazi. Mtumiaji anayepokea hati kutoka kwa wengine anapaswa kuijua milango mingine ifuatayo.

Msimbo ndani ya sentensi. Mbali na vipande vikubwa, Org hutambua msimbo mfupi unaoanza na src_ katikati ya sentensi, pamoja na mistari inayoanza na #+CALL inayoita kipande kilichoandikwa kwingine. Hivi vyote hudhibitiwa na swichi tulizozieleza, lakini ni rahisi kupitwa na macho.

Makro za Org. Mstari unaoanza na #+MACRO unaweza kubeba amri ya Lisp iliyotanguliwa na (eval. Amri hiyo hutekelezwa wakati wa kuhamisha, na swichi ya org-export-use-babel haiigusi, kwa kuwa makro si sehemu ya Babel. Kwa sababu hii, hakuna swichi moja inayoweza kuifanya hati ya mgeni iwe salama kabisa.

Kuingiza mafaili mengine. Mstari unaoanza na #+INCLUDE huchukua yaliyomo katika faili lingine la kompyuta yako na kuyaweka ndani ya hati inayohamishwa. Hautekelezi msimbo, lakini unaweza kuvujisha siri: mtu akikuomba uihamishe hati yake na kumrudishia PDF, huenda ukamrudishia pamoja na kurasa za faili lako binafsi.

Mipangilio ya mwisho wa faili. Hati inaweza kumaliziwa na orodha yenye kichwa Local Variables, inayojaribu kubadilisha mipangilio ya kihariri kwa ajili ya faili hilo. Emacs ikiona mpangilio usiotambulika kuwa salama, huuliza. Jibu la alama ya mshangao hukubali mpangilio huo na kuukumbuka kuwa salama daima. Tunashauri kwamba kwa hati yoyote usiyoiandika mwenyewe, jibu liwe n.

Safari ya kwenda PDF. Org hutengeneza PDF kwa kupitia programu nyingine iitwayo LaTeX, ambayo nayo inaweza kuamrishwa iendeshe programu za nje. Katika hali yake ya kawaida uwezo huo umebanwa. Baadhi ya maelekezo ya kupamba msimbo kwa rangi humtaka mtumiaji aongeze maneno -shell-escape, ambayo huondoa kizuizi hicho. Ukiwa umewahi kuyaongeza, yaondoe kabla ya kuhamisha hati ya mtu mwingine.

TOLEO LA PROGRAMU YAKO

Kinga zote hizi hutegemea programu isiyo na kasoro. Mwezi Machi 2024 lilitolewa toleo la Emacs 29.3, ambalo miongoni mwa mambo mengine lilizuia msimbo wa Lisp kutekelezwa pale hati ya Org inapofunguliwa tu, kabla hata ya kuhamishwa. Mwezi Juni mwaka huo huo lilifuata toleo la dharura, 29.4, lililoziba tundu lingine lililotokana na vifupisho vya viungo ndani ya Org. Mtumiaji wa toleo la zamani zaidi yu hatarini hata kama hajahamisha hati yoyote. Ili kujua toleo ulilo nalo, shikilia kitufe cha Alt na ubonyeze x, andika emacs-version, kisha ubonyeze Enter. Ikiwa namba ni ndogo kuliko 29.4, na mfumo wako haukupewa marekebisho hayo kwa njia nyingine, weka toleo jipya.

KUSOMA KABLA YA KUTENDA

Matini tupu ina sifa moja ambayo hati nyingi za ofisini hazina: inaweza kusomwa yote bila kuwasha chochote. Sifa hiyo ndiyo kinga bora kuliko zote, na haihitaji fedha wala utaalamu mkubwa.

Hati ikikufikia kutoka kwa mtu usiyemfahamu, au kwa mtu unayemfahamu lakini hukuitarajia, ifungue kwanza kwa kihariri rahisi kisichojua Org, kama Notepad. Anayetaka kubaki ndani ya Emacs atumie amri find-file-literally, ambayo huonyesha faili kama herufi tupu bila kuwasha uwezo wa Org. Kisha tumia kitafutio kutafuta maneno haya: begin_src, src_, CALL, MACRO, eval, INCLUDE, elisp:, shell: na Local Variables. Ukipata neno mojawapo, soma mistari inayolizunguka. Huhitaji kuwa mtaalamu wa msimbo ili utambue kwamba kielelezo cha barua hakina sababu ya kuwa na amri ya kupakua faili kutoka kwenye intaneti. Usichokielewa, usikitekeleze, muulize aliyekutumia ni cha nini.

Ukiwa unahitaji tu kuisoma hati, na si kuirekebisha, mwombe aliyekutumia akuletee PDF aliyoihamisha mwenyewe. Vivyo hivyo, unapopeleka kazi yako steshenari kuchapwa, peleka PDF, wala usipeleke faili la asili. Mwenye duka atakuwa salama, na kazi yako itatoka kama ulivyoiacha bila kutegemea mipangilio ya kompyuta isiyo yako.

WANAOTUMIA PROGRAMU NYINGINE

Wanaoandika kwa R Markdown wafahamu kwamba vipande vya msimbo hutekelezwa kila hati inapotengenezwa, isipokuwa pale palipoandikwa eval=FALSE. Wanaotumia madaftari ya Jupyter wafahamu kwamba chombo cha nbconvert huhamisha majibu yaliyohifadhiwa bila kutekeleza msimbo upya, mpaka mtumiaji aongeze neno --execute. Wanaotumia Word au Excel wasikubali kuwasha makro kwa sababu tu hati imewaomba. Katika kila programu, swali la kuuliza ni hili: hati inapogeuzwa umbo, je, programu inanakili tu, au inatenda? Na ikiwa inatenda, ni nani aliyeiruhusu?

IKIWA UMEKWISHA KUTEKELEZA MSIMBO USIOUAMINI

Usifute hati hiyo kwa hofu, kwa kuwa ni ushahidi. Chukua hatua hizi kwa utaratibu:

1. Tenganisha kompyuta na intaneti mara moja.
2. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisha nenosiri la barua pepe, la benki na la huduma nyingine ulizokuwa umezifungua.
3. Iarifu benki yako au mtoa huduma wako wa fedha kwa simu iwapo taarifa za akaunti zilikuwa kwenye kompyuta hiyo.
4. Nakili hati hiyo pamoja na ujumbe ulioileta, na uandike tarehe na saa ya tukio.
5. Mpe mtaalamu kompyuta hiyo aikague kabla ya kuitumia tena, kisha urudishe kazi zako kutoka kwenye nakala za akiba.
6. Toa taarifa polisi. Nchini Tanzania, kuingilia kompyuta au data ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Iwapo kompyuta ilikuwa na taarifa za wateja, wanachama au wanafunzi, wewe uliyezitunza una wajibu kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya utunzaji wa taarifa za namna hiyo, na kunyamaza hakumwondolei mtunzaji wajibu wake.

MUHTASARI KWA MTUMIAJI

Acha swali la ruhusa likiwa limewashwa, hata kama linachosha.

Kwa hati zako mwenyewe ambazo majibu yake yamekwisha kuthibitishwa, weka :eval never-export ili tarakimu zisibadilike bila wewe kujua.

Kwa hati za wengine, weka org-export-use-babel kuwa nil kwenye mipangilio yako, na ukumbuke kwamba makro na mistari ya kuingiza mafaili hubaki nje ya kinga hiyo.

Usihifadhi nenosiri ndani ya hati.

Sasisha programu yako, na utunze nakala za akiba mbali na kompyuta.

Zaidi ya yote, soma kabla ya kuhamisha. Hati iliyoandikwa kwa matini tupu haina mahali pa kujificha kwa msomaji aliyetulia. Dakika chache za kuipitia ni gharama ndogo ukilinganisha na kazi ya miaka inayoweza kupotea, au hesabu ambayo utashindwa kuieleza mbele ya waliokuamini.